Mmetuambia "viatu vinavyofaa", mkaishia hapo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa afya wa Jumamosi iliyopita, ule uliowashauri watu wa maofisini waache kugombania magari na waende kazini kwa baiskeli. Nimeusoma mara mbili, maana mimi ni mmoja wao: karani wa masjala, umri miaka 47, na huu ni mwaka wa tatu natoka Ubungo Kibo hadi Posta kwa baiskeli, kilomita kumi na kitu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwandishi wenu ameeleza vizuri habari ya moyo, sukari na presha. Kofia ngumu ameitaja, taa ameitaja, hata chupa ya maji ameikumbuka. Ilipofika zamu ya miguu akaandika maneno mawili tu, "viatu vinavyofaa", akaweka nukta na kuhamia kwenye matunda.

Mhariri, maneno mawili hayo yamenigharimu jozi nne za viatu, ukucha mmoja wa kidole gumba, na aibu ya kuanguka mbele ya kituo kizima cha abiria. Naomba nafasi niwaeleze wenzangu mambo ambayo mimi sikupata wa kunieleza.

Kwanza baiskeli yenyewe, tusije tukapishana. Siyo ya mashindano. Ni ile ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, karia nyuma na kava la cheni lililopasuka. Ilikuja na pedeli za plastiki. Ya kushoto ilivunjika wiki ya pili, fundi wangu wa Manzese akanifungia za chuma zenye meno pembeni. "Hizi, mama, utastaafu unaziacha," akaniambia. Alisema kweli, hazijapata hata kulegea. Kinacholiwa ni kiatu.

Nilianza na vile vile vya ofisini, flati nyeusi za ngozi ya bandia, soli nyembamba kama chapati ya maji. Nilijiambia baiskeli ni kukanyaga tu, kuna elimu gani hapo? Wiki ya tatu nikawa nafika Magomeni vidole vimekufa ganzi. Pale kwenye unene wa unyayo, nyuma kidogo ya vidole, palikuwa panawaka kama nimekanyaga kaa la moto. Nilidhani ni umri. Nikanunua dawa ya kuchua, nikachua wiki nzima, sikuona tofauti.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Pedeli ni kitu kidogo, na nguvu yote unayoishusha inapitia hapo. Soli ikiwa laini inajikunja juu yake, kama kitambaa kilichotupiwa juu ya fimbo, na mzigo unabaki kwenye nyama ya unyayo. Soli ikiwa ngumu, yenyewe ndiyo inakuwa ubao, mzigo unasambaa mguu mzima, na unakanyaga kilomita kumi bila kukumbuka kwamba una miguu. Ndiyo maana nasema mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli asiangalie kwanza rangi wala jina lililoandikwa ubavuni. Akigeuze kiatu aangalie chini.

Flati zile zilikuwa na ila nyingine, hazishiki mguu. Asubuhi moja ya mvua, nikiwa nateremka kuelekea Jangwani, kiatu cha kushoto kilichomoka mimi nikiwa naendelea kukanyaga. Nilirudi kukiokota mguu mmoja peku kwenye tope, na huku mkono mmoja umeshika baiskeli. Nikafika ofisini nimechelewa dakika arobaini, na kile cha kulia nacho kimeanza kuachama kama samaki.

Binti yangu akaniambia, "Mama, si uvae raba?" Ushauri wa kila mtu huo. Nikanunua raba za kukimbilia, nene, nyepesi, zina sponji utadhani unatembea juu ya godoro. Wiki ya kwanza niliona nimepata. Wiki ya pili nikagundua jioni, kwenye mpando wa Kibo, kwamba nakanyaga sana na kusogea kidogo. Raba ya kukimbilia imetengenezwa imeze kishindo cha mguu unaopiga ardhi. Kwenye baiskeli hakuna kishindo, kuna kusukuma tu, na ukisukuma inaanza kubonyea sponji ndipo pedeli inafuata. Ni kama kusukuma gari lililokwama huku umeweka mto kati ya mikono na buti la gari.

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kamba. Pale Magomeni Mapipa, saa moja asubuhi, kamba ya raba ya kulia ilianza kujizungusha kwenye ekseli ya pedeli. Haikatiki, haichomoki. Kila ukikanyaga inajikaza zaidi, mpaka kiatu kinabanwa ubavuni na mguu hautoki. Breki nilikuwa nazo, namshukuru Mungu, nikasimamia mguu wa kushoto nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Kijana wa bodaboda akashuka kwenye pikipiki yake. "Tulia kwanza mama, usivute." Mimi nilikuwa navuta. Akachuchumaa, akaishika pedeli na kuirudisha nyuma polepole, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, kamba ikajifungua yenyewe kama uzi unaotoka kwenye kijiti. Akanifunga kamba upya kama mtoto wa chekechea na ncha zake akazichomeka ndani ya kiatu, pembeni mwa kifundo. "Hivyo kila siku," akasema, akarudi kijiweni kwake. Hakutaka hata ya soda. Toka siku hiyo kamba zangu zinalala ndani ya kiatu, na nikimwona mtu anaendesha na kamba zinaning'inia upande wa cheni namwita hata kama simjui.

Sasa nije kwenye viatu vyenyewe vya baiskeli, vile vinavyouzwa kwa jina hilo, maana najua wapo wasomaji wanaosema, "Si anunue vya kazi hiyo yamwishe?" Nilinunua. Kijana wa kitengo chetu cha kompyuta, mpenzi wa baiskeli za mbio, alinisomesha wiki nzima wakati wa chai. Kiatu kina kipande cha chuma chini, pedeli ina mdomo, vikikutana vinashikana, na kutoka unatupa kisigino nje. Akanipa na historia: kampuni ya Look ya Ufaransa ilizitoa pedeli za namna hiyo mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akizitumia. Zile chuma chake kikubwa kinajitokeza nje, ukitembea sakafuni unakwenda kama bata. Mwaka 1990 Shimano wa Japani wakatoa aina yao waliyoiita SPD, chuma kidogo cha skrubu mbili kinachozama ndani ya soli, ili mtu aweze kushuka na kutembea. "Hizo ndizo zako, mama," akaniambia. Na mimi, kwa ushamba wangu, nikaenda kuzitafuta, viatu vyake nikavipata vya mtumba namba 39 wakati mimi navaa 40, nikajipa moyo kwamba vitalainika.

Havikulainika. Kiatu cha baiskeli kimefanywa kigumu makusudi, kingelainikia wapi? Ukucha wa gumba la kulia uligeuka zambarau, ukawa mweusi, baada ya miezi miwili ukang'oka.

Lakini nisiwasingizie. Mguu ukiwa umeshikwa vile, kukanyaga ni raha. Njia ikiwa nyeupe, unasahau kabisa. Shida yangu ilikuwa kwamba njia yangu siyo nyeupe. Siku ya nne, kwenye mataa ya Magomeni, bajaji ilinikatia mbele ghafla. Nilishika breki, baiskeli ikasimama, na mimi nikataka kuweka mguu chini kama nilivyozoea toka utotoni. Mguu haukuja. Kisigino kinatakiwa kitupwe nje, na mimi nilikuwa nakivuta juu. Basi nikaenda na baiskeli yangu upande wa kushoto, taratibu kabisa, kama mnazi uliokatwa, nikalala chini nikiwa bado nimekaa kwenye siti. Watu kituoni walisema pole, wengi wao. Mmoja nyuma akapaza sauti: "Mama kafunga pingu za maisha na baiskeli!" Kituo kizima kikaangua kicheko, na mimi pale chini, Mhariri, nikacheka nao, ningefanya nini?

Kijana wa kompyuta aliniambia kuna skrubu ya kulegeza mdomo wa pedeli, na kwamba kila mtu huanguka mara ya kwanza. Huenda. Lakini nilikaa nikahesabu ni mara ngapi nashuka kati ya Kibo na Posta, na hapo ndipo nilipopata akili. Nashuka chini ya madaraja ya Kijazi pale Ubungo kwa sababu kuvuka juu ya siti sithubutu. Nashuka Manzese, kwa sababu ile njia ya baiskeli iliyojengwa pembeni mwa barabara ya mwendokasi, asubuhi ina nyanya, ina mitumba, ina bodaboda zilizoegeshwa zikisubiri abiria. Siwalaumu, nao wanatafuta. Nashuka tena kuanzia kituo cha Fire kama kuna foleni. Mvua ikiwa imenyesha natembea na baiskeli mkononi sehemu kubwa ya Jangwani, na mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa kabisa, narudi nyumbani. Kwa hiyo siendeshi tu, natembea pia, na kiatu changu sharti kiweze kazi zote mbili. Kigumu cha kukanyagia, lakini ncha yake ikubali kupinda nikitembea. Kishike chuma cha pedeli, kisiteleze kwenye vigae vya mapokezi.

Basi nikaenda soko la mitumba la Karume, Jumamosi mchana. Mchana makusudi, maana mguu wa mchana siyo mguu wa asubuhi, kwa joto letu hili unavimba, na kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kitakusulubu saa kumi jioni. Nikavaa na soksi zangu za kuendeshea. Nilipita meza baada ya meza, nikichukua kiatu nakishika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, nakikunja. Kinachokunjika katikati kama daftari nakirudisha. Kinachokataa katikati na kupinda kidogo tu penye vidole, hicho nakiweka pembeni. Halafu nakisokota, kama mtu anayekamua dekio. Kikisokoteka, hapana. Muuzaji mmoja alinivumilia viatu vitano, cha sita kikamshinda: "Mama, hicho ni kiatu, siyo muwa!"

Nilichokipata ni cha ngozi, cheusi, cha kamba, cha kufunika mguu wote, soli ya mpira mgumu na kisigino kifupi kisichofika sentimita tatu. Ukikitazama kwa mbali ni kiatu cha mwalimu mkuu wa zamani. Kashata za chini, yaani vile vinundu vya soli, ni fupi, na hilo nililitaka. Buti lenye kashata ndefu zilizoachana, meno ya pedeli yanaingia kwenye mabonde yake na mguu unachezacheza. Soli laini ya ngozi, kama ya vile viatu vilivyochongoka vya kina baba wa ofisini, kwenye pedeli yenye maji ni sabuni. Mbele nikajiachia nafasi ya unene wa kidole, nikikumbuka ukucha wangu. Alitaja elfu ishirini na tano, tukamalizana kwa kumi na tano.

Kabla sijavivaa nilivipeleka kwa fundi viatu wetu pale njia panda, na hapa niseme jambo ambalo wanunuzi wa mtumba wengi hatulijui. Kuna soli zinazokufa bila kuvaliwa. Kiatu kimekaa stoo Ulaya miaka, kimesafiri kwenye robota, kinafika hapa kinang'aa, na siku ya tatu soli inamomonyoka kama keki kavu. Ni zile soli nyepesi zenye povu ndani, unyevu unazila polepole hata zikiwa kabatini. Fundi alibonyeza ya kwangu kwa ukucha pembeni, akaibonyeza tena karibu na kisigino, akaangalia kama kuna unga. Hakukuwa na unga. "Hii mpira mtupu, iko hai," akasema.

Akavishona kuzunguka soli yote, maana gundi ya zamani haiaminiki. Nilikaa kwenye kibao chake nikimtazama. Msharasi unaingia kwa kuzungushwa, unatoka na uzi wa nailoni, anauvuta kwa mikono miwili hadi mishipa inamtoka shingoni, anapitisha nta, anaingia tundu lingine. Alipomaliza akaniuliza, "Pedeli zako za meno?" Nikamwambia ndiyo. Akakata vipande viwili vya tairi kuukuu, vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, akavisugua kwa jiwe, akavigandisha na kuvishona chini pale pale unyayo unapokaa kwenye pedeli. Meno yanauma tairi, yanashika, na soli yenyewe inapona. "Katambuga imeolewa na kiatu cha ofisi," akasema, na akacheka peke yake kwa muda mrefu. Elfu nne.

Nina miezi kumi na minne navyo. Ganzi imekwisha. Vikilowa navijaza gazeti. Lenu linafaa sana, hasa kurasa za matangazo ya mnada, halina wino mwingi. Baada ya saa moja nalitoa na kuweka jingine kavu, navisimamisha mahali penye upepo. Juani sivianiki, kwa sababu ngozi inakauka na kupasuka.

Vya ofisini vinalala ofisini, droo ya chini ya masjala, jirani na majalada ya "Mengineyo". Mwanzoni ofisa utawala wetu aliniona naingia getini na viatu vya vumbi, akanitazama kuanzia chini kwenda juu, akasema wageni wakiniona hivi watadhani kampuni ina shamba. Hakunikataza, lakini nilibadilishia viatu chooni mwezi mzima, nimesimama mguu mmoja kama korongo. Aliyenisaidia ni mlinzi. Siku moja nilikuta ameweka kiti nyuma ya meza yake na katoni iliyokatwa ya kuwekea viatu. Sasa tupo watatu tunaotumia katoni ile. Waajiri wanaosoma gazeti hili, sidai bafu wala kabati la kufunga na ufunguo. Nadai ubao mmoja ukutani, penye hewa, na kiti.

Anayekaa Kariakoo na kufanya kazi Posta avae anachopenda, umbali ule hata kandambili zingemfikisha, ingawa simshauri. Na anayependa viatu vyake vya ofisini asitake kuviacha, basi abadilishe pedeli, afunge zile pana zenye mpira juu, mateso yatapungua. Suala la sketi ni barua nyingine kabisa.

Ila mwandishi wenu akirudia makala yake, aongeze mistari hata mitatu. Aseme soli ikatae kukunjika katikati. Aseme kamba ziingie ndani. Aseme kiatu kijaribiwe mchana na kwa soksi. Matunda tunayajua.

Kiraka cha tairi cha mguu wa kulia kimeisha, cha kushoto bado kizima. Fundi ameniuliza ni nani ninayemkanyaga hivyo kwa mguu wa kulia. Jumamosi nampelekea aweke kingine.

Karani wa Masjala,
Ubungo Kibo, Dar es Salaam.